Timu ikitoka nyumbani haishindi? Pima tatizo liko wapi kabla hujalaumu wachezaji

Kila wikendi nasikia neno moja tu, hawana moyo. Timu imeenda Kitende kwa Vipers imepigwa, hawana moyo. Imeenda Mbarara ikashikilia sare mpaka mwisho halafu goli la dakika ya 88 likawamaliza, hawana moyo. Wiki inayofuata wako nyumbani wanashinda mbili bila na watu ni wale wale wanaimba mpaka sauti inakauka. Sasa huo moyo huwa unabaki nyumbani wakipanda basi? Ni kama homa huku kwetu, mtu akisikia mwili moto anameza dawa ya malaria bila kupima, kumbe ni homa ya matumbo au uchovu tu, na kupoteza ugenini kuko hivyo hivyo, dalili zinafanana lakini chanzo ni tofauti na dawa pia ni tofauti.

Mimi ni shabiki wa huku West Nile, kaskazini magharibi mwa Uganda, na timu ya huku ikisema inaenda ugenini maana yake ni safari ya kukesha barabarani. Onduparaka, klabu ya Arua, walipopanda ligi kuu 2016 walikuwa timu ya kwanza ya West Nile kufika huko, na mpaka waliposhuka 2023 sisi tuliokuwa tunafuatilia tulijifunza mengi kuhusu kucheza mbali, maana mechi nyingi za ugenini ziko Kampala au pembeni ya Kampala. Haya ninayoandika yatamfaa shabiki yeyote wa Uganda, awe wa ligi kuu, Big League (daraja la pili) au hata ya mkoa. Unahitaji redio, simu na daftari, basi.

Kwanza, kweli kuna tatizo?

Timu nyingi duniani zinapata pointi chache ugenini, hiyo inajulikana. Kumbuka wakati wa korona, ligi ya Ujerumani iliporudi Mei 2020 viwanja vikiwa vitupu, wenyeji wakaanza kushinda mechi chache kuliko walivyozoea, na wageni nao kadi za njano zikapungua, yaani kelele za watu zinamgusa hata refa bila mwenyewe kujua. Sisi pia msimu wa 2020/21 tulicheza bila mashabiki, ukakatwa kabla haujaisha sababu ya lokidauni na Express wakapewa ubingwa. Kwa hiyo kuna sehemu ya hili tatizo ambayo kocha hata awe nani hawezi kuimaliza.

Chukua daftari. Pointi za nyumbani gawanya kwa mechi za nyumbani, za ugenini vilevile. Ligi ya timu 16 ina maana unakaribisha mara 15 na unatoka mara 15. Ukishinda zote nyumbani na ukitoa sare zote ugenini unapata 45 na 15, jumla 60, na timu yenye 60 iko juu huko inapumua hewa nzuri. Watu wanaotukana kocha kwa sababu ya sare ya Lugogo kwa KCCA hawajapiga hii hesabu. Tuseme nyumbani unapata wastani wa pointi 2 na ugenini 1, hiyo ni timu nzima kabisa, lala usingizi. Nyumbani 2 na ugenini 0.3, hapo kuna ugonjwa wa ugenini na endelea kusoma. Lakini kama nyumbani ni 1.1 na ugenini 0.8, ndugu yangu hiyo timu ni dhaifu kila mahali, barabara haina makosa, tafuteni straika.

Halafu angalia ulicheza na nani. Kuna wakati ratiba inakupa Vipers, KCCA, Villa na Express wote ugenini kabla ya Krismasi na wakubwa hao hao watakuja kwako raundi ya pili, sasa ukipima Desemba utaona ugenini ni balaa na nyumbani ni raha, wakati kilichotofautiana ni mpinzani. Subiri wakubwa hao waje kwako kwanza, au linganisha mpinzani kwa mpinzani, yule uliyempiga nyumbani ulimfanya nini kwake.

Na hii ndiyo naomba uishike kuliko zote, usihesabu safari zote kama kitu kimoja. KCCA akienda Luzira kucheza na Maroons, au Express akitoka Wankulukuku kwenda Lugogo, kwenye karatasi wanaandikiwa ugenini lakini mchezaji ameamka kitandani kwake, amekula chakula cha nyumbani, amepanda boda. Timu ya Arua, ya Mbarara, ya Hoima, ya Lira haina hiyo bahati. Gawa ukurasa mara mbili, upande mmoja andika zile za karibu ambazo mtu amelala kwake, upande mwingine zile za mbali. Kama unapoteza za mbali tu na za karibu unapata kitu, tatizo lako liko barabarani. Kama unapoteza zote sawa, liko uwanjani, na hizo sehemu mbili zina dawa tofauti kabisa.

Mnafungwa mapema, dakika 20 za kwanza mko chini tayari

Hii ndiyo dalili ya safari, na ndiyo naijua vizuri zaidi.

Arua mpaka Kampala ni karibu kilomita 500. Unashuka Nebbi, unavuka Nile pale Pakwach, unakuja Karuma unavuka tena, halafu Kigumba, Kafu, Migyera, Luweero, Bombo, ndio uingie Kawempe ukutane na jam. Mtu anayekaa kwenye kiti cha basi usiku kucha anajua, lakini mchezaji wa futi sita kwenye kosta ambayo siti zimesogezwa ili watu wengi watoshe, huyo ndiye wa kumuuliza. Magoti yamebana kwenye kiti cha mbele. Anashuka Migyera kunyoosha miguu anakuta nyama ya mchomo na gonja (ndizi za kuchoma), ana njaa, anakula mafuta saa nane usiku sababu hakuna mtu alimpangia chakula. Alfajiri wako Kampala, wanazungushwa kutafuta mahali pa kuoga, saa nne wanalala juu ya mikeka kwenye ukumbi wa shule ya mtu, saa sita wanaletewa posho (ugali) na maharage, saa kumi wako uwanjani. Waangalie wakishuka kwenye gari, kamba za viatu zimelegezwa sababu miguu imevimba. Halafu winga wa Kampala aliyelala kwake anampita beki wetu dakika ya nne na redioni unasikia beki amelala. Ee, amelala, usiku mzima hakulala angelala saa ngapi.

Na barabara zenyewe hazina huruma. Mei 2023 maji yaliharibu daraja la Katonga kwenye njia ya Masaka, watu wa Mbarara na Kampala wakalazimika kuzunguka mbali. Mwaka 2024 daraja la Karuma likafungwa kwa matengenezo na mabasi yetu yakatafuta njia nyingine ya kuvuka Nile. Mechi inabaki pale pale saa kumi, lakini safari imeongezeka masaa.

Jinsi ya kupima: usiulize matokeo, uliza muda. Timu iliondoka lini, ilifika saa ngapi, ililala wapi, ilikula nini na saa ngapi. Utapata majibu kwa dereva au kwa kijana anayebeba vifaa, hao hawafichi kitu. Andika pembeni ya kila mechi ya mbali, na pembeni yake dakika ya goli la kwanza mlilofungwa. Baada ya nusu msimu ukurasa utasema wenyewe, zile mlizofika siku moja kabla na zile mlizofika asubuhi ya mechi hazitafanana.

Dawa inajulikana na kila mtu analia pesa. Kufika siku moja kabla ndiyo dawa namba moja, hakuna mazoezi yanaweza kuchukua nafasi yake. Kama hoteli za Kampala hamziwezi, laleni kabla ya mji. Kwa timu inayotoka kaskazini Luweero au Bombo kuna logingi za bei ya chini, mnalala vizuri, asubuhi mnamalizia kipande kidogo kilichobaki na miguu iko hai. Kwa timu ya magharibi fikirieni Masaka. Chakula kizito kiliwe masaa matatu au manne kabla ya mechi, kiwe cha wali au viazi au matoke na kuku kidogo, mambo ya mafuta mengi yangojee baada ya firimbi ya mwisho. Maji yaanze kunywewa siku ya safari, na hapa kuna ujinga mmoja ambao nimeusikia sana, wachezaji wanakatazwa kunywa maji ili gari lisisimame kila saa, hiyo inakausha mwili wa mtu kabla hajagusa mpira. Gari lisimame. Kila masaa mawili watu washuke watembee dakika kumi, hapo Kafu hapo Kigumba, haigharimu shilingi hata moja.

Na kama mmelala vizuri, mmefika jana, na bado mnafungwa dakika ya kumi, basi safari imeachiliwa huru. Uliza kuhusu maandalizi ya pale uwanjani. Wamepasha mwili muda gani? Kuna timu inazuiwa getini, mara vitambulisho, mara chumba cha kubadilisha nguo kimefungwa mwenye funguo hayupo, mwisho wanaingia robo saa kabla na misuli ni baridi. Meneja wa timu aende mbele peke yake asubuhi amalize hayo maneno, asisubiri basi.

Mnaanza vizuri kabisa halafu baada ya dakika ya 70 mnakufa

Watu wanasema pumzi. Inaweza kuwa pumzi, lakini kabla ya hiyo angalia karatasi ya timu, hesabu waliokaa benchi. Sheria siku hizi inakuruhusu kubadilisha watu watano, ila timu nyingi za mbali zinasafiri na wachache ili kuokoa nauli na chakula, na kati ya hao wachache kuna kipa wa pili na kuna mmoja ana kifundo cha mguu kibovu ameletwa kujaza. Kwa hiyo mwenyeji anaingiza miguu mipya mitano dakika ya 60 na kuendelea, wewe unaingiza mmoja. Magoli ya dakika ya 80 yanatoka hapo. Mchezaji wako hajakosa moyo, anakimbizana na mtu ambaye ameingia sasa hivi.

Jinsi ya kupima ni rahisi. Nyumbani mnafungwa pia dakika za mwisho? Kama ndiyo, basi ni mazoezi, kocha wa viungo afanye kazi yake. Kama nyumbani mnamaliza vizuri na benchi limejaa, mnajua nauli ya watu wanne iliyookolewa imewagharimu pointi ngapi.

Kitu kingine ni hali ya hewa. Mtu wa Mbarara akija huku kwetu Januari au Februari wakati wa kiangazi jua la saa kumi linamkausha, na sisi tukienda kusini Aprili au Oktoba tunakutana na mvua na matope. Ratiba inatoka mapema, kocha anaweza kuangalia kalenda na kupanga mchezo wa siku hiyo, lakini mara nyingi wanapanga ule ule wa nyumbani.

Mpira haukai, pasi zinapotea, mnaonekana kama hamjawahi kucheza pamoja

Uwanja huo. Lugogo ni nyasi bandia, mpira unakimbia haraka na unadunda tofauti, na timu iliyozoea udongo na nyasi za kweli inaonekana ya ajabu nusu saa nzima. Viatu pia, njumu za meno marefu zilizotengenezwa kwa matope hazifai pale, magoti na vifundo vinateseka, na wachezaji wengi wa timu ndogo wana pea moja tu. Ukiona mabeki wenu wanateleza au wanageuka polepole Lugogo peke yake, usiandike beki mbovu, andika viatu. Mashabiki wakichanga pea chache za meno mafupi ziwe za klabu, zikae stoo zikisubiri mechi za namna hiyo, watakuwa wamesaidia kuliko kelele.

Halafu ukubwa. Watu wengi hawajui kwamba sheria za mpira zinaruhusu uwanja uwe na urefu wa mita 90 mpaka 120 na upana wa mita 45 mpaka 90 kwa mechi za kawaida, huo ni utofauti mkubwa sana. Timu yenu inacheza na mawinga nyumbani kwenye uwanja mpana, mkienda kwenye uwanja mwembamba winga hana pa kukimbilia, anakutana na beki na lainzimani mahali pamoja. Mwembamba maana yake ni kona, mipira ya kurusha na vichwa, kocha apeleke watu warefu na winga mmoja apumzike. Kupima kunahitaji hatua zako tu, fika mapema tembea kutoka mstari mpaka mstari, na utaelewa mechi kabla haijaanza.

Na taa. Kitende kuna taa na mechi za usiku zinachezwa. Timu ambayo haijawahi kufanya mazoezi usiku kipa wake anapotea kwenye mipira ya juu, mpira unaingia kwenye mwanga anaupoteza sekunde moja, sekunde hiyo ndiyo goli. Ukifungwa kwa krosi mbili usiku usimtukane kipa, muulize kama amewahi kudaka chini ya taa.

Mnaenda kutafuta sare mnarudi na sifuri

Hapa tuzungumze mpira wenyewe sasa. Machi 2021 Cranes, timu yetu ya taifa, walienda Blantyre wakihitaji sare tu kwa Malawi ili waende AFCON, wakafungwa moja bila, goli la mapema la Richard Mbulu, na Malawi ndio wakapita. Iliuma na bado inauma. Ukienda kulinda sare na ukafungwa dakika ya kumi na kitu, mpango wote umekwisha na hukubeba mwingine. Hiyo ndiyo dalili ya timu nyingi zetu ugenini, kuna mpango wa sifuri kwa sifuri tu, goli likiingia kila mtu anaanza kupiga mipira mirefu kwa straika mmoja aliyezungukwa na watu watatu.

Kupaki basi siyo dhambi, wacha nikuambie. Oktoba 2022 Vipers walitoa sare ya bila kufungana na TP Mazembe hapa nyumbani, kila mtu akasema imekwisha, huko Lubumbashi hakuna mtu anatoka. Wakaenda, sifuri kwa sifuri tena, wakashinda kwa penalti 4 kwa 2 na kuingia hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika mara ya kwanza. Ulinzi ugenini unaweza kukupeleka mbali ukifanywa kwa akili.

Tofauti utaiona kwa macho, fuata mpira ukiokolewa unaenda wapi. Kama kila ukiokolewa unarudi ndani ya sekunde tano, basi mmejifungia ndani na goli litakuja, ni suala la muda. Timu inayolinda vizuri inaacha mtu mmoja mwenye mbio juu, mabeki wawili wa mwenyeji wanabaki nyuma kumwogopa, na kiungo mmoja anayejua kukaa na mpira anapewa ruhusa ya kupoteza muda. Kocha akimtoa yule mwenye mbio dakika ya 60 akaingiza beki wa sita, mimi huwa naanza kuomba Mungu.

Mnafunga, mnacheza vizuri, mnasifiwa, pointi hakuna

Kinyume cha ile ya juu. KCCA walipoingia makundi ya Ligi ya Mabingwa 2018, klabu ya kwanza ya Uganda kufanya hivyo, nyumbani waliwapiga Al Ahly mbili bila na Township Rollers moja bila. Ugenini walifunga mbili Tunisia kwa Esperance na tatu Misri kwa Al Ahly. Magoli matano kwenye mechi mbili za Afrika Kaskazini, timu ngapi zinafanya hivyo? Wakapoteza 3 kwa 2 na 4 kwa 3, na kwa Rollers Botswana wakapoteza moja bila, pointi ya ugenini hata moja haikupatikana. Mchezo ule ulikuwa mtamu kuangalia na najivunia mpaka leo, ila somo lake liko wazi, timu inayofunguka ugenini inatoa nafasi nyingi kuliko inazopata maana mwenyeji ana nguvu ya watu nyuma yake.

Ukiona dalili hii usiguse mbele, mbele kuko sawa. Angalia magoli mliyofungwa yametoka wapi. Kona na frikiki zikiwa nyingi, ni kukaba watu, na hiyo inarekebishwa kwa mazoezi ya wiki mbili. Kama ni mipira iliyopotezwa katikati wakati mabeki wa pembeni wote wawili wamepanda, mwambieni mmoja abaki, hata kama nyumbani huwa wanapanda wote. Pia angalia dakika tano baada ya nyinyi kufunga. Timu zetu zinafungwa sana hapo, watu bado wanasherehekea vichwani mwao.

Refa

Nitasema kidogo. Kuna siku refa anawaua, ipo na kila mtu anaijua. Lakini kabla hujaandika refa kwenye daftari, hesabu kadi zenu zimetoka kwa nini. Kadi ya kuchelewa kwenye mpira ni miguu iliyochoka, rudi kwenye safari. Kadi ya kubishana ni nahodha, mwambieni aongee yeye peke yake. Zinazobaki baada ya kutoa hizo, hizo ndizo za refa, na viongozi wapeleke ripoti kwa maandishi na video, kuzunguka gari la refa hakujawahi kuongeza pointi kwa timu yoyote na faini inayokuja ndiyo ingelipa logingi ya Bombo.

Uchawi

Kuna watu wataniambia chumba cha kubadilisha nguo kilimwagiwa dawa ndio maana wachezaji walikuwa wazito. Sitagombana na imani ya mtu. Nasema hivi tu, wachezaji wakiona kiongozi anaogopa kuingia chumbani na wao wataogopa, mkiona kuna shida vaeni jezi kwenye basi mkaingie uwanjani moja kwa moja. Na ile pesa inayochangwa kimya kimya kupelekewa mganga, piga hesabu ni vitanda vingapi usiku mmoja Luweero. Vitanda vya watu 18 naviamini.

Mnashinda ugenini, nyumbani ndiyo hakuna

Hii ni nadra lakini ipo na inachanganya watu. Machi 2023 Cranes hawakuwa na uwanja unaokubaliwa hapa nchini, mechi ya nyumbani na Tanzania ikapelekwa Ismailia kule Misri, wakafungwa moja bila. Siku nne baadaye wakaenda Dar es Salaam, uwanja umejaa watu wa Tanzania, Rogers Mato akafunga dakika za mwisho kabisa, moja bila kwetu. Kwanza inaonyesha kwamba nyumbani bila watu wako na bila nyasi zako ni jina tu. Na pili, kuna timu zimeumbwa kusubiri na kukimbia, ugenini mwenyeji anakuja mbele anawaachia nafasi nyuma, nyumbani mgeni anakaa nyuma na wao hawajui kufungua mlango.

Kama timu yako iko hivi, usiguse kitu chochote cha safari yao, wanafanya vizuri huko. Tatizo ni kwamba hawana mtu wa pasi ya mwisho, na dirisha la usajili likifunguliwa hapo ndipo pesa iende. Mpaka wakati huo kocha awaachie wageni mpira nyumbani, mashabiki watanung'unika nusu saa ya kwanza, wavumilie, mgeni akianza kujiamini akapanda ndipo watapata zile nafasi walizozoea.